Je, wajua kwa nini gazeti la 1820 linaweza kuwa imara kuliko la 1920?

Ukifungua juzuu la magazeti ya London ya miaka ya 1820 katika maktaba iliyoyatunza vyema, utakuta karatasi ingali nyororo na imara, ilhali gazeti la 1920 lililo rafu ya pili limegeuka rangi ya chai, na pembe ya ukurasa wake ikikunjwa mara mbili tatu hukatika mkononi.

Chanzo ni malighafi. Hadi katikati ya karne ya 19 karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, yenye nyuzi ndefu na ngumu. Matambara yalipopungukia mahitaji ya wachapaji, viwanda viligeukia mbao zilizosagwa, ambazo hubaki na lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuzalisha asidi. Shabu, yaani chumvi ya alumini, iliyotiwa katika karatasi nyingi pamoja na ulimbo ili wino usisambae nayo huzalisha asidi, na asidi hiyo hukatakata nyuzi mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1930 maktaba nyingi, hasa za Marekani, zilihamishia magazeti kwenye mikrofilamu ya milimita 35, yaani utepe wa filamu wenye picha ndogo sana za kurasa, na rafu nzima ikaingia katika visanduku vichache. Filamu ya poliesta yenye picha ya madini ya fedha hukadiriwa kudumu miaka 500 ikiwekwa penye ubaridi na ukavu. Filamu za zamani za plastiki ya asetati, hata hivyo, huoza: ukifungua kopo lake unakaribishwa na harufu kali ya siki, na mvuke huo huharakisha kuoza kwa filamu za jirani.

Linalouma zaidi ni kwamba maktaba nyingi zilikata migongo ya majuzuu ili kurasa zilale sawa chini ya kamera, kisha zikayatupa au kuyauza. Filamu hizo ni za rangi nyeusi na nyeupe, hivyo michoro ya rangi ya matoleo ya Jumapili ya gazeti la New York World ilibaki mabaka ya kijivu. Na ukurasa uliorukwa na mpiga picha hauwezi kurudiwa ikiwa karatasi haipo tena. Mwaka 1999 mwandishi Nicholson Baker alinunua magazeti ya Marekani yaliyokuwa yakiuzwa na Maktaba ya Uingereza, nayo tangu 2004 yako Chuo Kikuu cha Duke.

Kwa maoni yangu, filamu ilipaswa kuipunguzia karatasi kazi ya kushikwashikwa, si kuirithi. Karatasi dhaifu hudumu muda mrefu ikiwa gizani, penye ubaridi, bila kupekuliwa ovyo. Huko Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, katika ghala la magazeti la Maktaba ya Uingereza lililofunguliwa 2015, joto ni nyuzi 14 na oksijeni imeshushwa hadi takriban asilimia 15 ili moto usiweze kuwaka. Msomaji hupewa filamu au nakala ya dijitali, na gazeti lenyewe hutolewa pale nakala inapokosekana.