Kichaka walichokipanda ng'ombe wetu

Nikifika shambani kwetu Pangani, nikishamwamkia baba mdogo na kunywa maji, huwa naomba kitu kimoja tu: tutembee. Tunaanza saa kumi na moja jioni. Mwezi huu wa sita masika yamekatika, kusi inavuma, nyasi zina kijani chini na juu zimeanza kukauka. Jua likilegea wanyama wanatoka walikojificha, na mimi niliyesomea nyanda za malisho naona kwa saa moja mambo ambayo kwenye makaratasi yangenichukua msimu mzima.

Baba mdogo hunikagua nguo kabla hatujatoka. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Yeye ndiye anayewaambukiza ng'ombe nagana, yaani malale ya mifugo, na katika ukanda huu hajawahi kuwa jambo dogo. Kwa hiyo navaa shati la rangi ya udongo.

Njia yetu inaanzia zizini. Ng'ombe wanaporudi, yangeyange waliowafuata mchana kutwa wanajikusanya na kuruka kuelekea mtoni kulala. Kanga wanapigana vikumbo kugombea matawi ya mkwaju. Ukishavuka lango na kwenda hatua mia mbili hivi, giza linakuwahi. Jua bado lipo, ila umeshaingia kwenye mkulagembe.

Jina linajieleza: mti unaokula jembe. Wataalamu wa mimea wanaujua kama Dichrostachys cinerea. Ni jamii moja na kunde, una miiba migumu inayopenya ndara, na mwezi kama huu maganda yake yenye mbegu yamejikunja na kusongamana kama kifundo cha kamba. Ng'ombe wanayapenda mno. Ukisimama kimya utawasikia wakiyatafuna.

Jioni ile nilichuchumaa penye kinyesi kilichokauka nusu, nikakipasua kwa kijiti. Katikati ya nyuzi za nyasi mlikuwa na mbegu ndogo, bapa, za kahawia, zinang'aa kama zilizopakwa mafuta. Moja ilikuwa imeshapasuka, na mzizi wake mweupe umetokeza kama ncha ya sindano. Pembeni dundu alikuwa amekwisha kukata tonge lake, analisukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, anatafuta mahali pa kulifukia. Mbegu ikiwa ndani ya tonge, naye anaifukia.

"Baba, njoo uone hapa."

Baba mdogo akainama, akaikwangua mbegu kwa ukucha. "Yaani haya mapori tumeyapanda wenyewe?"

"Wamepanda ng'ombe."

Akanyamaza kitambo. Yeye ameupigania mti huu tangu nikiwa mdogo, na nilijua anakumbuka ule mwaka wa mapanga. Tulikodi vijana, wakafyeka ekari nne hadi chini. Pale palipendeza, na mimi nilipoona picha kwenye simu nilifurahi kama kila mtu, nisiseme neno. Masika yalipokuja, kila kisiki kilitoa machipukizi, na mizizi iliyotambaa chini kwa chini ikachipua mbali na visiki, mahali ambapo hapakuwa na mti kabisa. Fedha ya ndama wawili iliishia pale, na kichaka kikawa kizito kuliko kabla ya panga.

Nilipaswa kusema, kwa sababu sababu zake nilizijua. Ganda la mbegu ya mkulagembe ni gumu, maji hayapenyi upesi. Likipita tumboni mwa ng'ombe linalainika, kisha mbegu inatua kwenye mbolea yenye unyevu. Karibu na zizi nyasi zimelambwa hadi udongo unaonekana, kwa hiyo mche haushindani na mtu. Na nyasi zikiisha, moto wa kiangazi hauna kuni: unapita kwa kuparapara na kuiacha miche hai. Panga linakata kinachoonekana. Mifugo kulala mahali pamoja mwaka hadi mwaka ndiko kunakokilisha kichaka, na hilo panga haliligusi.

Kwa hili hatuko peke yetu. Kusini mwetu, Ranchi ya Mkwaja ilianza mwaka 1952 na kufungwa mwaka 2000. Ilifuga maelfu ya ng'ombe, wakiishi kwa dawa za kuzuia nagana. Ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, na kwa miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka watafiti wamekuta alama za mazizi zikisomeka kwenye udongo na kwenye mimea, mkulagembe ukiwemo. Ng'ombe wameondoka, vichaka vimebaki.

Na kichaka kina mpangaji wake. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama nzi wa jikoni. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha humo kwa siku tisa au kumi, kisha anamzaa kwenye udongo laini wenye kivuli, na buu anajifukia papo hapo. Kivuli cha karibu na zizi ni kipi? Ni hicho hicho cha mkulagembe. Nikimweleza mfugaji mnyororo huu namwona akigeuza shingo kutazama nyuma ya boma lake.

Tukatoka upande wa pili, kwenye udongo mweusi wenye migunga. Miiba yake mingine imevimba kama vitunguu vidogo, ndani wanaishi sisimizi, na kusi ikipita kwenye matundu yao unasikia mluzi mwembamba. Hapo sikukaa. Nilikuwa na haraka ya kufika zizi la marehemu babu.

Zizi hilo liliachwa kabla sijazaliwa. Hakuna nguzo wala ua uliobaki, ila huhitaji kuonyeshwa. Ni duara la ukoka mfupi, laini, kijani hata nyasi za jirani zikiwa rangi ya majani ya chai. Mbolea iliyolala pale usiku baada ya usiku iliacha naitrojeni na fosforasi ambazo udongo wetu wa kichanga hauna. Wanyama wa porini wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko kipimo changu. Tohe watatu walikuwa wanakula, mmoja akatuona akapiga mbinja kali, wote wakaruka na kuzama kwenye nyasi ndefu. Kuro dume alibaki ametugeuzia makalio yenye duara jeupe, kisha akaondoka kwa hatua za taratibu.

Ngiri ndio walionisimamisha. Mama na watoto wawili, wamepiga magoti ya mbele wanakwangua ukoka. Jua lilipogusa vilele vya mikoma wakanyanyua mikia na kukimbilia shimo kwenye kichuguu. Watoto wakaingia kwanza. Mama akafika mdomoni mwa shimo, akageuka, akaingia kinyumenyume, mpaka ikabaki sura yake na pembe zake mbili zikituelekea. Anayetaka kumfuata humo atakutana na hizo kwanza.

"Babu yako hakuweka mbolea hapa hata siku moja," baba mdogo akasema.

"Alihamisha zizi tu, baba."

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kwa kina. Nilimwomba zizi lihame kabla ya vuli, kisha lihame tena kila mwaka, ili mbolea itandazwe badala ya kurundikwa. Miezi ya maganda ng'ombe walishwe upande usio na mkulagembe, na mbuzi wapelekwe kwenye machipukizi, kwa sababu wao wanayala na kuyachosha. Nyasi zikishapona na kuwa nzito, tutakaa na kijiji kuzungumzia moto wa mwisho wa kiangazi wenye kinga pande zote. Nikamwonyesha mteremko karibu na mbuyu.

"Hapo hapana, mwanangu. Maji ya vuli yanasimama hapo, ndama wataoza kwato." Akatembea mpaka kwenye mwinuko mdogo ambao mimi nilikuwa nimeupita bila kuutazama, akakanyaga udongo kwa kisigino mara mbili. "Hapa."

Akavunja tawi la mnyaa, akalichomeka ardhini kuwa alama. Utomvu mweupe ulimtiririka vidoleni, akajifuta kwenye nyasi na kunikumbusha nisijiguse macho. Komba wa kwanza akalia upande wa mtoni. Tukarudi, yeye mbele, na njiani alichomeka matawi mengine matatu.