"Hakuna Mayai Yaliyoonekana" Haina Maana ya "Hana Minyoo"

Nimeletewa tena faili la mgonjwa anayejiandaa kupandikizwa figo, na ndani yake mna karatasi ya maabara isemayo "hakuna mayai yaliyoonekana", ambayo daktari mwenzangu ameongezea kwa kalamu: "Hana minyoo, aendelee." Kwa strongiloidi, mnyoo mdogo wa utumbo, karatasi hiyo haithibitishi lolote.

Jike la strongiloidi hutaga ndani ya ukuta wa utumbo mwembamba, na mayai huanguliwa humo humo. Kinachotoka na choo ni lava, yaani minyoo wachanga, tena wachache na si kila siku. Aliyetafuta mayai, basi, ametafuta kitu kisichotarajiwa kuwapo. Sampuli moja ya darubini huwakosa wagonjwa wengi, na ile iliyolala kwenye jokofu afadhali isingeletwa kabisa. Njia ya Baermann haihitaji mashine: choo kibichi hufungwa kwenye shashi na kuwekwa juu ya faneli yenye maji ya uvuguvugu, na baada ya saa kadhaa lava hujitoa wenyewe wakazama hadi kwenye mpira ulio chini. Kipimo cha kingamwili husaidia pia, ingawa kwa mtu ambaye kinga yake imekwisha kushushwa huweza kudanganya. "Lakini eosinofili zake, zile chembe nyeupe za damu zinazopanda mtu akiwa na minyoo, ni za kawaida," wenzangu huniambia. Mgonjwa anameza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga! Dawa hiyo huzishusha eosinofili, na ndiyo hiyo hiyo inayowapa minyoo nafasi.

Baadhi ya lava hukomaa wakiwa bado tumboni, wakatoboa utumbo na kuanza mzunguko upya, ndiyo maana aliyeingiwa na lava kwa kutembea pekupeku utotoni anaweza kuwa nao miaka 40 baadaye bila kuumwa. Kinga ikishuka, lava huenea mapafuni, hata kwenye ubongo, wakiwa wamebeba bakteria wa utumbo, nasi wodini tukaona homa ya uti wa mgongo tukahangaika na antibayotiki peke yake. Mchangiaji wa figo naye apimwe, kwani lava huweza kusafiri ndani ya kiungo.

Dozi moja ya albendazoli haitoshi. Dawa ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kilo kwa siku 2, na kurudia baada ya wiki 2; ila waliotoka misitu ya Kongo wapimwe kwanza vimelea vya loa, mnyoo mwingine ambaye wachanga wake huishi kwenye damu, kwa sababu vikiwa vingi kwenye damu, ivermektini huweza kuleta madhara makubwa ya ubongo.

Ugonjwa ukishasambaa, vitabu huagiza dozi kila siku hadi lava wasionekane kwa wiki 2, kana kwamba kila mgonjwa anaweza kumeza. Utumbo uliosimama haunyonyi kidonge. Wapo walioipitisha dawa kwa njia ya haja kubwa, wapo waliochoma chini ya ngozi ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo, na ushahidi wa yote hayo ni taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Wala hakuna kipimo cha kutuambia prednisoloni ipunguzwe kiasi gani kabla figo iliyopandikizwa haijakataliwa na mwili. Mimi huipunguza kadiri ninavyothubutu, nikiwaeleza mgonjwa na ndugu zake mapema kwamba huenda akarudi kwenye dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine.