Kitabu cha Kutoka hakina piramidi hata moja

Nafundisha historia ya kale, na kila mwaka tukifika Misri, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lilelile: "Mwalimu, si Waisraeli ndio waliojenga mapiramidi walipokuwa utumwani?" Wiki iliyopita nimelisikia tena, safari hii kwa mzazi, mtu mzima aliyesoma, tena akilitamka kama anayetaja kijiji alikozaliwa. Nimeona niandike.

Fungua Kutoka sura ya kwanza. Watu wale walitumikishwa kwenye chokaa, matofali na kazi za mashamba, na miji inayotajwa ni Pithomu na Ramesesi. Piramidi haimo kwenye sura hiyo, wala kwenye kitabu kizima. Tena mapiramidi ya Giza, karibu na Cairo, ni ya mawe, si ya matofali ya udongo na majani makavu. Kila anayeniambia "Biblia imesema" namwomba anionyeshe mstari. Mpaka leo sijaonyeshwa.

Halafu kuna miaka. Piramidi kubwa, ya mfalme Khufu, ilijengwa karibu mwaka 2560 KK. Jina Israeli linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Wamisri kwenye jiwe la mfalme Merneptah, karibu mwaka 1208 KK. Hapo katikati pana zaidi ya miaka 1,300. Ndiyo maana siachi kuwaambia wanafunzi: kabla hujabishana kuhusu Misri, andika mwaka pembeni ya kila jina. Nusu ya ubishi huishia hapohapo.

"Basi walikuwa watumwa wengine," huniambia. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu wajenzi wenyewe tunao. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali uliofukiwa na mchanga, kusini ya Sphinx, ile sanamu kubwa yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, na wachimbaji chini ya mwanaakiolojia Mmisri Zahi Hawass wakafukua makaburi ya watu waliofanya kazi ile. Wamezikwa kwenye mteremko karibu na piramidi ya mfalme wao, pamoja na vyungu vya mkate na pombe vya kuwafaa huko waendako. Migongo yao imechakaa kwa kubeba. Baadhi yao walivunjika mikono, na mifupa inaonyesha kwamba walifungwa vizuri mpaka ikaunga sawasawa. Jirani na hapo, katika mji wao, mwanaakiolojia Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamekuta majiko ya mikate, pamoja na lundo la mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Watu wale walikula nyama.

Shahidi ninayempenda kuliko wote anaitwa Merer. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, wachimbaji wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata vipande vya mafunjo, yaani karatasi za matete, vya enzi za Khufu, mafunjo ya kale kuliko yote yenye maandishi yaliyowahi kuonekana. Ni daftari la kazi. Merer alikuwa mkuu wa kikosi cha mabaharia, na anaandika siku kwa siku: leo tumepakia mawe kwenye machimbo ya Tura, leo tumesafiri nayo, tumelala njiani, tumefika Giza, tunarudi. Safari mbili tatu kila siku kumi. Anamtaja hata mkubwa aliyesimamia bandari ya Giza, Ankhhaf, ndugu yake mfalme. Tuna maneno ya mtu aliyebeba mawe ya piramidi ile kwa jahazi lake, na bado tunampa sifa mtu mwingine ambaye hakuwepo!

Sisemi walikuwa waajiriwa wenye mikataba. Dola iliwaita, wakaitika, na kukataa hakukuwa jambo jepesi. Ukitaka neno la karibu, fikiria msaragambo, ila wa nchi nzima, chakula kikitoka ghala la mfalme. Watumwa na mateka wa vita Misri iliwajua pia. Lakini vikosi vya Giza viliandika majina yao kwa rangi nyekundu kwenye mawe yenyewe: Marafiki wa Khufu, Walevi wa Menkaure (mfalme mwingine mwenye piramidi hapo Giza). Hayo ni majina ya watu wanaoshindana na kikosi cha jirani.

Hata zaidi ya miaka 1,000 baadaye, kwa mafundi wa makaburi ya wafalme kule Deir el-Medina, tunakuta rejista ya mahudhurio kwenye kipande cha jiwe, ya mwaka wa 40 wa utawala wa mfalme Ramesses wa Pili. Huyu hakuja, kaumwa na nge. Yule anatengeneza pombe. Mwingine anamzika mama yake. Na mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu posho ya nafaka ilipochelewa, mafundi wa kijiji hichohicho waliacha kazi wakagoma.

Mengine nitayapitia haraka. Kleopatra alikuwa malkia wa Misri, lakini ukoo wake ulikuwa wa Wagiriki wa Makedonia, na alikufa mwaka 30 KK. Yuko karibu zaidi na sisi kuliko na Khufu. Laana ya mfalme Tutankhamun, inayodaiwa kuwaua waliofungua kaburi lake, haipo: Howard Carter, aliyeligundua kaburi mwaka 1922, aliishi mpaka 1939. Pua ya Sphinx haikuvunjwa na Napoleon, aliyeingia Misri mwaka 1798. Msafiri Frederik Norden aliichora sanamu ile mwaka 1737, na pua haikuwepo.

Na Farao si jina la mtu. Asili yake ni maneno ya Kimisri yenye maana ya nyumba kuu, yaani jumba la mfalme, kisha likawa neno la kumtaja mfalme mwenyewe, kama tunavyosema "Ikulu imetangaza" tukimaanisha rais. Kiswahili kimelifanya firauni kuwa tusi, na kwa tusi hilo wafalme wa karne 30 wanabebeshwa dhambi ya mmoja, akiwemo Hatshepsut, aliyekuwa mwanamke. Kwa hiyo ukija kwangu na habari ya kwamba Farao alifanya hivi au vile, nitakuuliza kwanza: Farao yupi, na mwaka gani?