Kadi ya VIP hailipii densi

Wengi huamini kwamba ukishanunua uanachama wa VIP katika klabu ya wanenguaji wanaovua nguo, umemaliza kulipa. Si kweli. Kwa kawaida kadi hukuondolea kiingilio na foleni, pengine na kukupunguzia bei ya vinywaji. Densi ya faragha hulipiwa kando, bakshishi vilevile. Tena, katika klabu nyingi mnenguaji si mwajiriwa: yeye ndiye huilipa klabu ili apande jukwaani, kwa hiyo ada yako haimfikii, na hilo linaniuma sana. Basi gawanya ada ya mwaka kwa kiingilio cha usiku mmoja. Ukipata 20, nawe mwaka jana ulikwenda mara 6 tu, endelea kulipa mlangoni.