Mashine ya RO kwa bia ya nyumbani: unayoambiwa na yalivyo kweli

Mtu akianza kutafuta mashine ya RO (reverse osmosis, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwa presha) ya kupikia bia swali lake la kwanza ni hilo hilo, ina hatua ngapi za kuchuja? Tano, sita, saba, na wauzaji wanajua kabisa namba kubwa inauza. Ukweli kazi nzito inafanywa na vitu viwili, filta ya kaboni na memburani, yaani utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Kaboni inatoa klorini, memburani inatoa chumvi zilizoyeyuka, na kaboni lazima itangulie maana klorini inaila memburani taratibu mpaka inakufa. Ile hatua ya mwisho ya kurudisha madini achana nayo kabisa, madini utaweka mwenyewe kwa mizani.

Alafu hili la kuona mashine imeandikwa inatoa galoni 75 kwa siku na kusema "mbona nyingi sana", hapa ndo wengi wanaumia. Galoni 75 ni kama lita 284 kwa masaa 24, yaani lita 12 hivi kwa saa, na hapo maji yana nyuzi 25 na presha nzuri. Maji yakiwa baridi au presha ndogo inashuka sana. Sasa bia ya lita 20 inakula maji kama lita 30, kimea kinanyonya, mengine yanaondoka na mvuke, kwa hiyo masaa mawili na nusu ni kama kila kitu kiko sawa, na katangi ka mashine ka chini ya sinki hakafiki hata nusu ya hayo. Mi nashauri chukua mrija kabla haujaingia kwenye tangi, peleka kwenye ndoo kubwa yenye floti ya kukata maji, washa usiku wa kuamkia siku ya kupika. Kama presha ya bomba ni ndogo, hela ya hatua ya saba nunua pampu.

Eti maji yakiwa safi kabisa bia inakuwa tamu zaidi? Hapana jamani. Maji ya RO karibu hayana kalsiamu, na kimea na hamira vinaitaka. Gramu 3 za jasi na gramu 3 za kalsiamu kloraidi kwenye lita 30 zinakupa kama miligramu 50 za kalsiamu kwa lita, mwanzo mzuri tu.

Na mita ya TDS, ile ya kupima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, haioni klorini! Inaweza kusoma 10 na bia ikatoka na harufu ya dawa ya hospitali. Itumie kulinganisha, maji yanaingia 300 yanatoka 15 memburani ni nzima, yakianza kutoka 60 imechoka au kuna mahali panavuja.

Maji yanayomwagwa na mashine, lita 3 au 4 kwa kila lita moja safi, sio machafu, ni ya bomba yaliyozidi chumvi tu. Kinga kwenye pipa, osha nayo masufuria na sakafu.