Seva ya Muziki ni Nini, na Laptopu Inapungukiwa Wapi

Kwa miaka kadhaa muziki wa nyumbani kwetu, hapa South B, Nairobi, uliishi ndani ya laptopu yangu. Asubuhi nikiibeba kwenda kazini, muziki nao umeondoka. Mama alipokuja kutoka kijijini kukaa nasi, alishinda sebuleni na spika mbili nzuri zilizonyamaza kutwa. Jioni nikirudi, mtoto anaitaka laptopu kwa kazi ya shule. Hapo ndipo nilipoielewa haja ya seva ya muziki.

Seva ya muziki ni kompyuta iliyopewa kazi moja tu: kuweka nyimbo zako zote mahali pamoja na kuzitoa zinapoitishwa. Mfikirie mpakuzi kwenye harusi. Sufuria ni moja, naye hasogei hapo. Wageni ndio wanaokuja na sahani zao. Seva pia haisogei. Inakaa nyuma ya televisheni au juu ya kabati, haina skrini wala kibodi, inawaka usiku na mchana, na simu ya yeyote aliye nyumbani ndiyo rimoti yake.

Ili wimbo usikike, kuna kazi nne: kuuhifadhi, kuutafuta, kuucheza, na kuzigeuza namba za faili kuwa mkondo wa umeme ambao amplifaya inauelewa. Kifaa cha hiyo kazi ya nne huitwa DAC. Laptopu hufanya zote nne, tena huku ikipokea barua pepe na kujisasisha. Mlio wa ujumbe unaingia katikati ya solo ya gitaa. Feni inaanza kuvuma wimbo ukiwa wa taratibu. Kisha kuna jambo lisiloonekana: katika mipangilio ya kawaida ya Windows, sauti zote huchanganywa pamoja na kubadilishwa ziwe za kasi moja, mara nyingi sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Wimbo uliotoka kwenye CD una sampuli 44,100, kwa hiyo unapigiwa hesabu upya kabla ya kufika kwenye spika. Seva iliyopangwa vizuri huupeleka ulivyo.

Lakini tusidanganyane. Seva haiongezi utamu kwenye faili mbovu. Wimbo wa MP3 uliobanwa hadi biti elfu 128 kwa sekunde utabaki hivyo hivyo, kwa sababu kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. CD yenyewe hubeba biti zipatazo milioni 1.4 kwa sekunde. Ukitaka kuihifadhi bila kupoteza chochote, tumia FLAC, muundo wa faili uliotolewa mwaka 2001, ambao mara nyingi hupunguza ukubwa hadi karibu nusu. Diski ya terabaiti moja inameza zaidi ya albamu elfu mbili za namna hiyo. Kama una shilingi za kuboresha sauti, anza na spika, halafu DAC. Seva inakupa utulivu na mpangilio, na kwangu hilo linatosha.

Wazo hili si geni. Mwaka 2001 kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilitoa kifaa kidogo kilichovuta nyimbo kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao wa nyumba. Logitech waliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2012 wakaacha kutengeneza vifaa hivyo. Programu iliyoviendesha, kwa kuwa ilikuwa huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, haikufa. Leo inaitwa Lyrion Music Server na bado inatunzwa na wapenzi wake. Unaweza kuiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja inayotumia wati chache tu, takriban sawa na balbu ya LED. Kwa anayenunua stima kwa tokeni, kifaa kisichozimwa lazima kiwe cha namna hiyo. Hata kompyuta kuukuu ya mezani kutoka madukani Luthuli Avenue inafaa, ila itakula stima zaidi.

Na stima yenyewe inakatika. Ikipotea ghafla wakati seva inaandika kwenye kadi yake ya memori, kadi inaweza kuharibika na seva isiwake tena. Ndiyo maana nyimbo zikae kwenye diski ya peke yake, mbali na kadi yenye mfumo wa kuendesha seva. Zipo programu kama piCorePlayer ambazo hujipakia zote kwenye memori ya muda zinapowaka, hivyo kukatika kwa stima hakuzidhuru sana.

Wengi huniuliza kama seva inakula bando. Hapana. Nyimbo zako zinasafiri kutoka seva hadi spika kupitia ruta, ndani ya nyumba, hata siku ambayo intaneti haijalipiwa. Tatizo ni kuta zetu za mawe na waifai za majirani wa ghorofa nzima zinazosongamana. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva humaliza kukatikakatika kwingi.

Kazi kubwa kuliko zote, ambayo hakuna anayekuonya, ni majina. Seva hutafuta kwa kusoma lebo zilizofichwa ndani ya faili: msanii, albamu, mwaka, namba ya wimbo. Nyimbo tulizopeana kwa flashi huja zikiitwa "Track 01" na msanii hajulikani. Benga na rumba zina ugumu wao zaidi. Santuri za mizunguko 45 hazikuwa na nafasi ya wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa sehemu mbili, moja kila upande. Usipoandika lebo sawasawa, sehemu ya pili itatangulia ya kwanza, au zitatupwa kwenye albamu mbili tofauti. Nilitumia jioni nyingi kurekebisha, Mama akiwa pembeni ananiambia ni bendi gani inayopiga kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Programu kama MusicBrainz Picard hutambua nyingi, lakini za zamani za River Road, mtaa wa Nairobi uliojaa studio na maduka ya muziki, zinahitaji mtu anayezikumbuka.

Sasa Mama ana folda yake kwenye seva, yenye jina lake, na asubuhi huifungua kwa simu kabla mimi sijafunga mlango.