Je, barua pepe inaweza kukudhuru kabla hujaifungua?

Wimbo tumeukariri: usibonyeze kiungo usichokijua, usifungue kiambatisho cha mtu usiyemfahamu. Sasa mchukue mtu aliyeushika wosia huo barabara. Ameketi ofisini, mikono imeshika kikombe cha chai, Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, iko wazi kwenye kompyuta yake ya Windows. Hajagusa kitu. Kumbe kompyuta imeshajitambulisha kwa jambazi aliye nchi nyingine.

Hayo yalitokea. Machi 14, 2023 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kurekebisha programu, cha kuziba mwanya wa Outlook uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-23397, ukiwa na alama 9.8 kati ya 10 kwa ukali. Walioripoti walikuwa CERT-UA, kikosi cha dharura za kompyuta cha Ukraine. Microsoft ilisema wadukuzi wa Urusi walikuwa wameshautumia dhidi ya taasisi chache za serikali, usafiri, nishati na jeshi barani Ulaya, na dalili zilirudi nyuma hadi Aprili 2022. Karibu mwaka mzima, basi.

Na chanzo chake? Mlio wa kengele.

Outlook hukukumbusha miadi kwa kukulilia. Ndani ya mwaliko wa miadi kulikuwa na nafasi ya kuandika ni faili gani ya sauti ipigwe, na aliyeweza kuijaza ni mtumaji. Kwa nini mgeni anichagulie mlio wa kompyuta yangu, mimi mpaka leo sijaelewa. Lakini ilikuwa hivyo, na faili yenyewe haikulazimika kuwa kwenye kompyuta yako. Mtumaji angeweza kuandika anwani ya mbali, mfano \\seva-yake\mlio.wav. Akiweka miadi ambayo saa yake imeshapita, kengele inataka kulia mara tu ujumbe unapoingia. Outlook inaifuata sauti huko huko ilikoelekezwa.

Hapo ndipo Windows inapoonyesha adabu isiyo na mahali pake. Ikifika kwenye seva ya mafaili na kuulizwa "wewe nani?", hujitambulisha yenyewe kwa utaratibu uitwao NTLM. Seva hutoa namba ya kubahatisha, kompyuta huichanganya na kitu kilichotokana na nywila yako, kisha hurudisha jibu. Nywila yenyewe haisafiri, lakini jibu hilo linatosha kuleta balaa. Jambazi anaweza kulipitisha papo hapo kwa seva nyingine inayokubali NTLM, nayo ikamfungulia ikidhani ni wewe. Au analiweka na kukisia nywila taratibu hadi moja ilingane.

Waliosoma barua zao kwenye simu, Mac au kivinjari hawakuguswa. Wasimamizi wa mitandao waliokuwa wamefunga njia ya mtandao iitwayo mlango namba 445 kuelekea nje nao walikuwa na ahueni, maana ndimo safari hiyo hupitia.

Kiraka cha Machi kiliifanya Outlook ikague anwani kwanza: ikiwa ni ya intaneti, ipige mlio wa kawaida tu. Sawa. Ila Ben Barnea, mtafiti wa kampuni ya Akamai, aligundua kwamba ukiongeza alama moja tu kwenye anwani ile, mkaguzi anaisoma kama ya humu ndani, huku sehemu ya Windows inayofungua faili ikiisoma kama ya nje. Ni sawa na mlinzi wa getini na mpokeaji wageni kusoma kitambulisho kimoja kila mtu kivyake. Mei 2023 kikashonwa kiraka juu ya kiraka. Barnea akashauri huo mlio wa kuchaguliwa uondolewe kabisa, kwa kuwa hatari yake inazidi faida. Kisha akachimba zaidi, akakuta kasoro hata katika namna Windows inavyoisoma sauti yenyewe: ukiiunganisha na njia nyingine ya kumkwepa mkaguzi, mshambuliaji angeweza kuendesha programu yake kwenye kompyuta ya mtu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Hizo mbili zilizibwa Agosti na Oktoba mwaka huohuo.

Mwaka 1994 ulizuka uvumi kwamba ujumbe wenye kichwa "Good Times" unaharibu kompyuta ya anayeusoma. Wataalamu walicheka, na wakati ule walikuwa sahihi.